Sumaku ya Nne

Tak.

Winfrida aliusikia mlio huo kabla hajajua umetoka wapi. Jumamosi soko la Nyangoto huwa na kelele za kila aina, pikipiki, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, wauza mitumba wanaoimba bei, lakini huu ulikuwa mlio mdogo, mkavu, wa karibu. Alitazama kidole alichoning'inizia funguo zake. Kilikuwa kitupu. Funguo zilikuwa juu ya meza ya fundi redio ambaye Winfrida alikuwa akimpita, zimeng'ang'ania kipande cheusi chenye umbo la andazi lililotobolewa katikati.

"Funguo zako zimechoka kutembea," fundi alisema bila kuinua kichwa. "Wewe je?"

Alikuwa kijana mrefu, koti lake la bluu la kazi limefungwa vifungo vyote hadi shingoni kama la mwalimu mkuu, bisibisi nyuma ya sikio. Winfrida alijaribu kuzibandua funguo kwa mkono mmoja, zikakataa. Akajaribu kwa miwili. Mama muuza dagaa wa meza ya pili akaanza kucheka.

"Usivute juu. Telezesha pembeni. Kitu kilichonasa hakivutwi, kinabembelezwa."

"Maneno hayo unawaambia wateja wote?"

"Wateja wengine huleta redio mbovu. Wewe umeniletea funguo. Sijawahi kuandaa maneno ya funguo."

Winfrida alikuwa amevaa gauni la kitenge la maua ya rangi ya chungwa, na vumbi la Nyangoto lilikuwa limekwisha kulipaka upindo. Alikuwa na haraka, lakini haraka ile ilimtoka. Aliuliza vile vipande ni vya nini. Fundi akamweleza kwamba ni sumaku, anazitoa kwenye spika na kompyuta zilizokufa, na wachimbaji wadogo huzinunua ili wanyonye mchanga mweusi wa chuma kabla hawajaipima dhahabu yao. Jina lake Mseti. Kwao ni Kisaka, ng'ambo ya mto, ila kazi imemweka huku.

"Kisaka ndiko ninakofanya kazi," Winfrida alisema. "Zahanati."

Sasa Mseti aliinua kichwa. "Kumbe wewe ndiye nesi anayemchoma mzee wangu sindano."

"Mzee Nikodemo ni baba yako?"

"Ananisema vibaya?"

"Anasema ana kijana anayeongea na redio kuliko anavyoongea na watu."

"Redio nazo hujibu, dada nesi. Watu wengine huchukua funguo zao na kuondoka."

Hakuondoka. Alinunua betri ambazo hakuwa na shida nazo, kisha akauliza swali ambalo baadaye alilikumbuka mara nyingi: sumaku inaweza kushika chupa ya soda iliyojaa?

Alikuwa na sababu. Friji ya zahanati ni ya chanjo peke yake, kwa hiyo dawa ya kisukari ya Mzee Nikodemo, vile vichupa vidogo vya insulini, aliihifadhi nyumbani kwake katika friji fupi inayomfikia kiunoni. Nafasi ilikuwa finyu. Nyanya, mtindi, bakuli la dawa, na juu ya yote hayo soda alizonunua kwa ajili ya wageni. Hilo la wageni hakulisema lote. Alikuwa ametoka Muleba, amepangiwa kazi hapa mwaka na miezi minne sasa, na wageni wale hawakuwahi kuja.

Jumapili iliyofuata Mseti alifika Kisaka na mfuko wa sumaku na gundi ya kuchanganya. Alipiga magoti mbele ya friji kama mtu anayeungama. Alishusha rafu ya juu, akafuta dari ya plastiki kwa spiriti, akagundisha sumaku tatu za kompyuta, na ya nne, kubwa, ya spika ya redio ya zamani. Wakangoja gundi ikauke hadi jioni, wakila mihogo ya kuchemsha uani, mlango umeachwa wazi ili majirani waone kwamba hakuna la kuficha.

Kisha Mseti akachukua soda ya kwanza, akaielekeza kizibo chake juu. Tak. Ya pili. Tak. Ya tatu. Ya nne ilikuwa bia, aliyoileta mwenyewe, na sumaku kubwa ikaipokea kwa mlio mzito kuliko zote. Chupa nne zikaning'inia kichwa juu, miguu hewani, na chini yake rafu nzima ikabaki tupu kwa ajili ya dawa.

Winfrida alijaribu na kichupa cha insulini. Kilikataa kushika.

"Kizibo chake si cha chuma kinachovutwa," Mseti alisema. "Si kila kitu chenye kung'aa kinanasa."

"Na bia hii ni ya mgeni gani?"

"Ya mgeni atakayerudi."

Akarudi. Akarudi Jumapili baada ya Jumapili, na kila alipokuja walishusha soda moja wakagawana, kisha wakatundika nyingine mahali pake. Bia haikuguswa. Mseti alisema ataifungua siku atakapokuwa na la kusherehekea, na alipoulizwa ni lipi alijifanya anakaza skrubu. Katikati ya wiki alipiga simu. Siku umeme ulipokatika tangu asubuhi, na Winfrida akalalamika kwamba nyumba imekuwa kimya hata friji haingurumi, ujumbe uliingia:

*Umeme ukikatika, sumaku haikatiki,*
*Chupa juu imeshika, wala chini haishuki,*
*Nami kwako sitatoka, kubanduliwa sitaki,*
*Nesi wangu ukicheka, upweke haunishiki.*

Aliusoma akiwa amesimama katikati ya chumba. Alipiga simu akamwambia kwamba shairi halijambo, ila nesi si wake.

"Bado," Mseti alisema.

"Bado nini?"

"Bado hujacheka."

Akacheka.

Mzee Nikodemo alikuwa akija nyumbani kwa Winfrida kila asubuhi kabla zahanati haijafunguliwa. Alikuwa mzee mwembamba, kofia ya sufu hata jua likiwaka, fimbo yake ameipaka mafuta kuliko viatu. Winfrida humwamkia shikamoo baba, naye huitika marahaba binti, huketi kwenye kigoda kilicho karibu na friji, hupandisha shati. Baada ya sindano hunywa uji usio na sukari na kuulalamikia. Hayo malalamiko Winfrida aliyapenda. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yake pekee ya asubuhi.

Jumanne moja Winfrida aliacha mlango wa friji wazi akitafuta kichupa kipya. Mzee Nikodemo, pale kwenye kigoda, uso wake ulikuwa sawasawa na dari ya friji. Alitazama zile chupa zinazoning'inia. Alitazama kwa muda mrefu. Winfrida aliona macho yake yamesimama kwenye bia.

"Nani amefanya hivi?" mzee aliuliza.

Winfrida alisema ni Mseti.

Mzee alikubali sindano. Kisha akainuka, akachukua fimbo, uji ukiwa umekwisha kumiminwa kikombeni, akatoka nje akitembea upesi na ameinamisha uso. Kesho yake hakuja. Keshokutwa akaja Waisiko, binti yake mkubwa, ambaye Winfrida alikuwa amemfundisha kuchoma sindano za jioni.

"Baba amesema sasa nitamchoma mimi, asubuhi na jioni," Waisiko alisema, akitazama chini. "Kichupa kinachotumika tutakiweka kwenye chungu chenye mchanga uliolowa maji, kama ulivyotuonyesha. Kikiisha nitafuata kingine."

Winfrida akampa. Waisiko alikifunga kwenye upindo wa kanga, akaondoka bila kuketi.

Uji wa asubuhi ile aliunywa mwenyewe, na wa kesho yake. Siku ya tatu hakupika.

Jumamosi Mwalimu Bernadetha, jirani yake aliyehamishiwa Kisaka kutoka Rombo, alileta habari akiwa bado na unga wa mashineni kwenye nywele. Alikuwa amemsikia Mzee Nikodemo kwa masikio yake akiwaambia wazee wenzake kwamba nyumba ya nesi hataikanyaga tena maisha yake yote.

"Nilikwambia," Bernadetha alisema. "Sisi wa kuletwa na barua ya serikali, hapa watatupenda tukiwa na dawa mkononi tu. Mtoto wao ni habari nyingine."

Winfrida alimpigia Mseti saa ile ile. Nyuma yake kulikuwa na ngurumo za mashine za Nyangoto.

"Baba yako amesema hatakanyaga tena nyumbani kwangu," alisema. "Maisha yake yote."

Halafu Mseti akacheka. Si kicheko cha kuficha kitu; kilitoka kifuani, cha mtu aliyeokota dhahabu.

"Kweli?" aliuliza. "Amesema hivyo mbele za watu?"

"Kwa hiyo kwako hili ni la kuchekesha."

"Nesi wangu, sikia..."

"Mimi si nesi wako. Kaa na baba yako, kaa na sumaku zako. Usinipigie tena."

Akakata. Akaifungia namba yake.

Jumapili Mseti alikuja hata hivyo, shati jeupe lililopigwa pasi, na kofuli ilikuwa mlangoni. Winfrida alikuwa ameitwa kwenye semina ya siku tano Mugumu. Mseti hakuuliza mtu. Alitazama kofuli, akaona jibu limekamilika. Ikiwa mwanamke ameambiwa kwamba amepewa heshima ya ukoo mbele za wazee, naye akajibu kwa kukata simu na kufunga mlango, mwanamume wa Kisaka aseme nini zaidi? Akageuza pikipiki. Wote wawili walikuwa na kiburi, na kiburi ni mnyama anayekula kwa wingi lakini hanenepi.

Semina ilipokwisha, kabla hajaondoka Mugumu, Winfrida aliandika barua ya kuomba uhamisho. Alijaza sababu kwa neno moja: binafsi.

Ikapita miezi miwili. Mvua zikaja, mahindi yakasimama hadi madirishani. Winfrida alifanya kazi vizuri, watu wakamshukuru, na saa kumi jioni alirudi kwenye nyumba yenye sauti moja, ile ya friji. Aligundua kwamba amekuwa akiifungua bila haja ya kitu. Chupa nne zilikuwa palepale, zimeota jasho la baridi. Hakushusha hata moja. Kunywa soda ya kugawana peke yako ni kama kucheza ngoma ya wawili na kivuli. Wakati mwingine aligusa moja kwa kidole, ikapepea kidogo, ikatulia. Akafunga mlango.

Simu yake ililia mara chache. Mama kutoka Muleba. Mganga mfawidhi. Namba za watu wa bahati nasibu. Mara moja alimwona Mzee Nikodemo kwenye njia ya kisimani, akamwamkia shikamoo kwa sauti, na mzee, aliyekuwa umbali wa hatua thelathini, akaacha njia akapitia ndani ya mahindi. Winfrida alisimama pale na ndoo yake hadi majani yakaacha kutikisika.

Barua ya uhamisho ilifika Alhamisi. Imekubaliwa. Anatakiwa kuripoti kituo kipya, mkoani Kagera, ndani ya siku kumi na nne.

Jumamosi alianza kufungasha. Vyombo kwenye maboksi, magauni kwenye begi, la maua ya chungwa chini kabisa. Friji alikusudia kumuuzia Bernadetha. Alivihamishia vichupa vya insulini kwenye chungu chenye mchanga uliolowa, akaichomoa friji kwenye umeme, akafungua mlango, na kwa kuwa miguu ilikuwa imechoka, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile aliketi kwenye kigoda cha mzee.

Akaona.

Kwa muda wote ule alikuwa akiinamia friji kutoka juu, mkono wake ukizipata chupa bila macho kuitazama dari. Sasa uso wake ulikuwa pale ulipokuwa uso wa Mzee Nikodemo. Kwenye ukingo wa sumaku ya nne, ile kubwa ya spika, kulikuwa na herufi zilizochimbwa kwa msumari, zimepindapinda, zimeingia kutu: NIKODEMO.

Alikuwa bado ameketi pale Waisiko alipobisha hodi, amefuata kichupa. Winfrida alimwonyesha kwa kidole.

Waisiko aliinama, akatabasamu. Alieleza kwamba hiyo ni ya redio ya baba, ile ya kwanza, aliyoinunua kwa fahali mzima Mseti akiwa hajazaliwa. Aliandika jina hadi ndani ya spika kwa kuogopa wezi. Ilipokufa hakukubali itupwe. Iliwekwa chini ya kitanda miaka na miaka.

"Sasa dada, Mseti ametoa kitu chini ya kitanda cha baba, akakipachika ndani ya nyumba yako, penye chakula," Waisiko alisema. "Baba alirudi siku ile akasema, mwanangu ameshajenga. Ile ni nyumba ya mkamwana wangu. Akasema, na mimi nilikuwa nikiingia kama zizini, nakaa jikoni, napandisha shati. Alikuwa na aibu siku nzima."

Winfrida alimtazama. "Ndiyo maana hakuja tena?"

"Angekujaje? Mzee haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Ni soni." Waisiko naye sasa alikuwa amekunja uso. "Kwani kwenu baba mkwe huingia?"

"Anaingia, anakula, akishiba analala kwenye kochi."

Waisiko alijifunika mdomo kwa kanga. "Ndani? Na wewe ukiwepo?"

"Anaacha na viatu sebuleni. Waisiko, mimi nilidhani ananichukia."

"Akuchukie?" Waisiko aliketi chini sakafuni, kati ya maboksi, kana kwamba ndiyo kwanza anayaona. "Dada, tangu siku ile hakutaji kwa jina. Amekupa heshima kuliko aliyonipa mimi niliyemzalia wajukuu saba. Haya maboksi ni ya nini?"

Winfrida alitafuta simu chini ya mashuka, akaifungua ile namba, akapiga. Iliita mara moja tu.

"Fundi redio," sauti ilisema, kavu.

"Kwa nini hukuniambia jina lililoandikwa kwenye sumaku?"

Mashine zilinguruma. Mseti alisogea mbali nazo. "Nilidhani umeliona. Mtu anaweza kukaa na kitu ndani ya friji miezi asikione?"

"Nilikuwa nasimama, Mseti. Jina linaonekana ukiketi."

"Na baba?"

"Nilidhani amenikataa. Na wewe ukacheka."

"Nilicheka kwa sababu alikuwa amekubali kabla sijajipanga kumwomba," alisema, na ukavu ukaondoka katika sauti yake. "Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye mwaka mzima. Halafu nikakuta kofuli."

"Nilikuwa semina."

"Semina," Mseti alirudia polepole, kama mtu anayetaja jina la mwizi wake. "Uko wapi sasa?"

"Nafungasha. Uhamisho umetoka."

Saa sita mchana pikipiki ilisimama uani, matope hadi kwenye taa. Hakuwa na shati jeupe; alikuwa na koti la bluu la kazi, na safari hii vifungo vimekosewa, upande mmoja umezidi mwingine. Winfrida alisimama mlangoni. Hakuna aliyemkumbatia mwenzake, kwa kuwa Waisiko alikuwa pale na Bernadetha alikuwa dirishani. Winfrida alisogea akafungua kifungo cha juu, akakifunga mahali pake.

"Uifute hiyo barua," Mseti alisema.

Alimweleza kwamba haifutiki. Ameiomba mwenyewe, imegongwa mihuri, kituo kipya kinamngoja na huko hakuna nesi mwingine. Itabidi aende. Kurudi kunawezekana, lakini safari hii neno binafsi halitatosha.

"Wanakubali sababu gani?"

"Ugonjwa. Au kumfuata mume."

"Wewe ni mzima wa afya," Mseti alisema. "Basi nipe mimi niwe sababu. Sina fahali wa kutosha leo, lakini nina mikono, na baba ameshasema mbele za watu. Utaniandika kwenye hiyo karatasi?"

Winfrida alitaka kumtania. Maneno yalikuwepo, akayaacha. Alitikisa kichwa kukubali, akageuka kufuta macho kwa mgongo wa mkono.

Ndipo ikasikika fimbo ikigonga mti wa uzio. Mzee Nikodemo alikuwa nje, ng'ambo ya minyaa ya uzio, amewapa mgongo, kofia ya sufu imeshuka hadi masikioni. Habari za maboksi zilikuwa zimemfikia.

"Waisiko," aliita, ingawa Waisiko alikuwa hatua ishirini kutoka kwake na wote walimsikia. "Muulize mwenye nyumba, ni kweli anaondoka?"

Waisiko akamgeukia Winfrida, akamuuliza.

"Mwambie baba ni kweli," Winfrida alisema. "Nilikosea. Nilidhani amenikimbia."

"Mwambie," mzee aliiambia minyaa, "kule kwenye mahindi kulikuwa na umande mwingi. Nililoa hadi kiunoni kwa ajili ya heshima yake. Mtu humkimbia adui kwa njia kavu."

Mseti aliinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Hata Winfrida alicheka, machozi yakiwa bado yapo.

"Mwambie pia," mzee aliendelea, na sauti ikapungua, "huo uji wake ulikuwa mbaya. Lakini asubuhi bila uji huo ni ndefu."

Ng'ombe walilia mbali. Winfrida alirudi ndani, akafungua friji iliyochomolewa, akazishusha zile soda tatu, akizitelezesha pembeni, moja moja. Bia aliiacha. Akatoka hadi katikati ya ua, akasimama mahali ambapo mgongo wa mzee ungemsikia.

"Waisiko, mwambie baba," alisema, na hakusubiri Waisiko afikishe. "Friji haiuzwi. Leo Mseti ataipeleka nyumbani kwa baba, dawa ikae huko, asiitegemee tena nyumba asiyoweza kuingia. Mwambie ndani nimeacha chupa moja kwenye sumaku yenye jina lake. Mtu asiifungue. Nitaenda Kagera, nitakaa hadi karatasi zitoke, hata ikiwa mwaka, hata ikiwa miwili. Halafu nitarudi Kisaka kwa mume wangu, nitapika ule uji mbaya, na kila asubuhi nitautoa nje mpaka kwenye uzio huu. Namwahidi baba."